Ubani Alioninyima

Bega langu la kulia liliharibika kazini, huku Annandale, Marekani, nikimwinua mzee ninayemhudumia. Nilimeza vidonge, nikapaka kila kinachopakwa, wapi! Hata kujifunga kitambaa kichwani ikawa vita.

Mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Bukavu, alichoka kusikia nikilalamika. "Dada, twende kwa ile bibi Muchina. Dawa yake iko muzuri, iliponyesha mugongo yangu." Nikamwambia mimi ni mtu wa maombi, mambo ya mizizi siyawezi. Akacheka. "Na ile vidonge unamezaka, nani aliiombea?"

Basi nikaenda. Duka lake lilikuwa limebanwa kati ya kinyozi na mahali pa kufulia nguo. Bibi alizungumza Kichina, binti yake akatutafsiria. Alinishika mkono akasikiliza mapigo, akaniambia nitoe ulimi, akaanza kupima majani na magome kwenye karatasi. Kisha akafungua mkebe, harufu ikanipiga. Ai! Ubani!

Kwetu bara ubani tuliuogopa, tukisema ni wa wanaofuga majini. Lakini si ndio mamajusi walimletea mtoto Yesu? Mkebe wa pili ulikuwa wa manemane. Nikamwambia mwenzangu, "Imebaki dhahabu tu." Binti akaeleza kwamba utomvu huo hukaangwa kwa siki usije ukasumbua tumbo, na kwamba kazi yake ni kusukuma damu iliyokwama palipoumia. Nikafurahi. Hiyo ndiyo niliyoitaka.

Kabla ya kufunga karatasi, bibi alinishika tena mkono, akatulia sana. Akauliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini.

Haki nilikasirika. Bega na hedhi, wapi na wapi? "Sikumbuki," nikasema. "Nimefika umri wa kukatika."

Bibi akaimwaga dawa yote kwenye pipa la taka. Binti akaniambia taratibu, "Mama anasema hivi viwili hapewi mwenye mimba. Vinaweza kuitoa. Nenda ukapime kwanza."

Mimi na mume wangu tulikuwa tumepoteza mimba mbili. Kwetu nyumbani jambo hilo lilikuwa halitajwi tena, na sasa mtu nisiyemjua ananifukulia. Nilitoka nimefura. Mwenzangu hakubishana nami. Alininunulia kipimo tu, akanisubiri nje ya mlango wa choo. Nilipotoka nikamwonyesha mistari miwili.

Nilimpigia mume wangu, aliyekuwa kazini mji wa Herndon. "Usibebe kitu," akasema. "Hata mfuko wa unga, usibebe."

Miezi yote ile niliwaza jambo moja. Bibi angeniuzia tu, ningekunywa. Kama damu ingetoka, ningejifungia chumbani nikalia, nikasema ndivyo mwili wangu ulivyo. Nisingejua kamwe. Hakuna ambaye angejua.

Binti yetu alizaliwa akipiga kelele zisizo na adabu. Walipomlaza kifuani pangu nikaanza kusema asante, asante, asante, nikashindwa kuacha. Nesi akanipapasa mkono, akaniambia hakuna shida, ni kazi yake. Nikamwitikia kwa kichwa. Yeye naye alistahili, lakini niliyekuwa nikimwambia ni yule bibi wa dukani.