Bati Chini ya Kitanda

Kwa wiki kadhaa nililala na swali moja na kuamka nalo: nisaini mkopo wa nyumba, au nisisaini? Nina kazi Same mjini, nina kiwanja upande wa tambarare ambako upepo haupumziki, na nina ramani niliyochorewa na kijana mmoja hodari, vyumba vinne na paa la kujificha nyuma ya ukuta, kama majumba tunayoyaona kwenye simu. Benki walikuwa tayari kunipa fedha yote kwa mkupuo na kukata mshahara wangu mpaka nianze kuota mvi. Nikiwaza kusaini, naona deni limelala nami chumba kimoja. Nikiwaza kutosaini, nawasikia wenzangu wa kazini wakiniuliza kama kiwanja kile nimenunua cha kufugia mbuzi. Basi nageuka huku, nageuka kule, na kitanda changu hakitoi hata mlio. Ukimya huo ndio ulionikumbusha kitanda kingine, kilichokuwa kinanguruma kila mtoto alipojigeuza.

Nilikuwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Mhezi, juu milimani, tukiishi katika nyumba ya udongo aliyoiacha babu. Mimi na mdogo wangu Mbazi tulilala kwenye kitanda cha kamba, na chini ya kitanda kulikuwa na paa la nyumba ambayo bado haijajengwa. Baba alilima tangawizi. Kila alipouza, alishuka Same na kurudi na bati, mara nyingi kidogo, mara chache nyingi. Wazo lilikuwa la Mama. Alisema fedha ikikaa ndani, ndugu wanapata habari zake kabla haijazoea mfuko; leo shemeji ana mgonjwa, kesho binamu anaoa, na Baba hakujaliwa ulimi wa kukataa. Bati halina tabu hiyo, hakuna anayekuja kuomba bati alipeleke hospitali. Gari liliishia pale barabara ilipoishia, na kutoka hapo majirani walipanda nazo kichwani, mstari mrefu unaomulika jua kiasi kwamba sisi watoto tuliwaona wangali mbali na tukakimbia kuwapokea. Nyumbani sufuria la makande lilikuwa linasubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli yao, na wengi walijiongezea bila kukaribishwa mara ya pili. Rundo lilipokua, kitanda kiliinuliwa kwa matofali, tukawa tunapanda kulala kama kuku. Chumba kizima kilinuka chuma kipya na mafuta ya dukani. Kamba za kitanda zililegea katikati, na Mbazi alipojigeuza, bati la juu lililia, na Baba aliyekuwa chumba cha pili alisema kwa sauti ya mtu mwenye furaha kwamba nyumba yake inakohoa.

Katika mipango yote hiyo kulikuwa na jambo moja tu tulilosahau: hakuna aliyekuwa ameifikiria nyumba yenyewe. Baba alikuwa akinunua paa tu. Fundi Eliakimu alipokuja, mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni, aliuliza swali ambalo kila fundi huuliza kwanza, kwamba nyumba ni ya ukubwa gani. Baba akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba nyumba iko chini ya kitanda. Fundi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Basi itoeni nje tuione," akasema.

Tuliitoa. Siku hiyo ukungu uliondoka mapema, na majirani walikuja wote, kwa sababu hawakuwahi kuona paa likitandazwa kwenye majani kama kahawa ya kuanika. Fundi alipanga bati moja ubavuni mwa jingine, akapunguza sehemu za kulaliana, akapunguza tena za kutokeza nje ya kuta, maana mvua ya kwetu huja ya ubavu. Kila alipopunguza, Baba alikunja uso. Kisha fundi akachora mpaka kwa jembe kuzunguka bati, zikaondolewa, na tukaiona nyumba yetu, mstari wa udongo mwekundu kwenye majani. Kulikuwa na vyumba viwili, jiko la Mama lililoungana na nyumba, lenye bomba la moshi ili asipike tena machozi yakimtoka, na sebule. Tatizo likawa sebule. Baba alikuwa akiiota sebule ya kupokea jumuiya nzima siku ya ibada, na hii aliivuka kwa hatua chache. Alisimama katikati yake kama mtu aliyepunjwa chenji.

Miongoni mwa watazamaji alikuwepo mnunuzi wa tangawizi, mtu mpole mwenye viatu visafi. Akamvuta Baba pembeni, si mbali vya kutosha. Angeleta bati zote zilizopungua wiki ileile, na Baba angemuuzia tangawizi iliyokuwa bado ardhini, kwa bei ya mnunuzi mwenyewe. Niliona Baba anatikisa kichwa polepole kukubali. Tangawizi ile ndiyo iliyokuwa ada zetu, sare na chumvi ya mwaka unaofuata, na hata mimi wa darasa la tatu nilijua hilo.

Mama alifuta mikono kwenye khanga. "Baba Nambua," akaita, kwa jina langu kama kawaida yake, "kabla hujauza kilicho ardhini, waambie wageni wako waingie ndani."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani, lakini yeye alikuwa tayari amekaa kwenye majani ndani ya mstari, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta usiokuwepo. Wakaingia mmoja mmoja, wengine wakijifanya kufungua mlango. Wanakwaya wakabanana upande mmoja, wazee upande mwingine, watoto tukapakatwa. Mwisho alibaki Mzee Yona, jirani yetu, ambaye kwenye harusi alikuwa akiwekewa viti viwili. Mtu akasema Mzee Yona akienea, dayosisi yote itaenea. Akajipenyeza, akashusha pumzi, akatulia.

"Nimeenea," akatangaza. "Ila ibada iwe kabla ya makande."

Wakaanza kuimba pale pale, magoti yakigusana, ndani ya nyumba isiyo na kuta. Baba naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akamgeukia mnunuzi na kumwambia karibu chai, mambo ya tangawizi tutaongea ikishatoka ardhini. Mnunuzi alikunywa chai, na hakuonekana kukasirika.

Nyumba ilijengwa msimu ule wa kiangazi. Usiku wa mvua ya kwanza mlio tuliokuwa tukiulalia ulikuwa umehamia juu yetu, na mimi na Mbazi tulipiga kelele kuupokea.

Sijidanganyi kwamba maisha ya leo ni yale. Huku mjini hakuna mtu wa kunibebea bati kwa sahani ya makande. Nitalipia jiwe, nitalipia maji, nitamlipa hata wa kulinda saruji. Wala sisemi mkopo ni dhambi, wapo niliosoma nao waliojenga kwa mkopo na wanalala vizuri. Ila niliitazama upya ramani yangu na kujiuliza vyumba vile vinne ni vya nani, nikakuta viwili ni vya watu watakaoniuliza maswali kazini. Jumamosi nilirudi kwa mchoraji. Nilimwomba abakize vyumba viwili, sebule na jiko, na aache upande mmoja wa kuongezea nitakapoweza. Akaniambia, "Dada, umeiua nyumba." Nikamlipa. Jumatatu niliwapigia benki, nikawashukuru, nikasema hapana, na sikueleza sababu ingawa nilikuwa nimeandaa saba. Akiba niliyokuwa nayo ilitosha msingi. Jana lori lilifika kiwanjani, vumbi likatimka, dereva akatoa kichwa dirishani na kuuliza amwage wapi mawe. Nilinyoosha mkono, nikamwambia hapa, akamwaga.