Kiini cha Yai Pale Arboretum

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikianza sitaki kelele. Sikuwa nimelewa, nilikuwa nanyonyesha. Sikuwa naota, ilikuwa saa saba mchana na jua liko utosini. Mkono wangu wa kulia ndio shahidi. Tutafika huko.

Miaka hiyo tulikuwa tunakaa Soweto West, Kibera, mimi na mume wangu na mtoto wetu wa miezi minane, Mercy. Baba Mercy ni fundi viatu. Kabla yangu alikuwa na mke, wakikaa Kawangware, pale stendi ya matatu namba 46. Huyo mke alifariki bila kupata mtoto. Aliitwa Adoyo. Picha zake nilizikuta ndani ya sanduku nikazitia kwenye jiko la makaa, bila hata kumtazama uso. Ndiyo, nilifanya hivyo, na sasa mnajua mimi ni mtu wa aina gani.

Mercy alikuwa analia. Si kilio cha mtoto cha kawaida, niamini. Alilia akinyonya, alilia usingizini, mpaka akabaki macho na shingo. Kliniki wakasema hana ugonjwa. Sasa sisi Wajaluo tuna jambo letu: mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina lake. Unataja waliokufa mmoja mmoja, ukifika kwa mwenyewe, mtoto ananyamaza. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka nyumbani kutibiwa macho, alimpakata Mercy akataja ukoo mzima. Kilio tu.

"Limebaki moja," akasema.

"Hilo moja halitaitwa kwa nyumba yangu," nikamjibu.

Ni wivu? Ndiyo, ni wivu. Wewe ungemwita binti yako jina la mwanamke aliyelala na mume wako? Usinijibu haraka.

Jumamosi moja huyo mama mkwe akasema hatarudi nyumbani bila kuona Nairobi, hasa stesheni ya reli, kwa sababu baba yake alibeba vyuma huko wakati wa Wazungu. Macho yamejaa ukungu, mtu anamwona kama kivuli, lakini anataka kuona mji! Baba Mercy alikuwa na viatu vya watu vya kumaliza, kwa hivyo kazi ikawa yangu. Akaniambia, "Msile Uhuru Park, kuna watu wengi. Pandeni mpaka Arboretum, ile bustani ya miti. Mkipita lango mshuke hadi kwa mianzi, kuna jiwe bapa kama meza. Hapo chakula kinashuka."

"Na wewe umejuaje?"

Akainama akaendelea kugonga soli. Mimi, tangu anioe, hata lango la Arboretum sikuwa nalijua. Nikajua tu: ana mtu.

Nikafunga chapati, chai, na mayai manne ya kuchemsha. Hayo mayai yana maana. Kwetu Baba Mercy alikuwa anamenya yai, anakula nyeupe, kiini ananipa mimi. "Kiini ni cha mwenye nyumba," anasema. Hapo ndipo nilikuwa najua napendwa.

Stesheni mama mkwe alipapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, akaongea na baba yake kidogo. Nikampeleka bustani ya Jeevanjee tukae tule. Mhubiri alikuwa anapigia watu kelele za jehanamu juu ya benchi. Tukateremka Uhuru Park. Kila kivuli kina watu wamelala, wapiga picha wanakuvuta nguo, Mercy analia watu wanageuka. Arboretum nilikataa kwa makusudi. Heri tule juani.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele yetu. Mwembamba, sweta ya buluu, mikono mitupu. "Hapa hamtakula, dada," akasema. "Nifuateni. Kuna jiwe kwa mianzi huko Arboretum. Mzee wangu alikuwa ananileta Jumapili, tukitoka Kawangware kwa miguu."

Jiwe. Mianzi. Damu yangu ilichemka kama maziwa.

"Mzee wako anafanya kazi gani?"

"Fundi viatu. Anapenda mayai, lakini kiini hali. Kiini alikuwa ananipa mimi. Ati ni cha mwenye nyumba."

Unajua kuibiwa? Mimi nilikuwa nikidhani hicho kiini ni changu peke yangu duniani. Nikaamua: nitamfuata mpaka huko kwa jiwe lao, halafu nimpige. Nilimshika mama mkwe mkono nikapanda kilima kwa hasira. Mama mkwe alijikongoja nami njia nzima. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Jiwe lilikuwa pale pale. Arboretum ina tumbili wezi, waliokula huko wanajua, lakini hata mmoja hakushuka. Yule mwanamke akanyoosha mikono. "Nikushikie mtoto, ufungue chakula." Kabla sijakataa Mercy alikuwa ameshamrukia. Akanyamaza. Miezi minane, halafu kimya! Huyo mwanamke akachukua yai, akalimenya, akaweka kiini juu ya jiwe mbele yangu.

"Kula. Ni chako."

Nikamzaba kofi.

Mmesikia kwa hadithi kwamba mkono hupita kama hewa. Uongo. Mkono wangu uligonga shavu, na shavu lilikuwa baridi kama mtungi wa maji uliolala nje. Baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko.

Mama mkwe akainuka. "Hiyo sauti," akasema. "Adoyo? Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

Halafu akanitazama. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Dada, mume ni wako. Mimi sikuacha mtu wa kuitwa kwa jina langu. Nataka hilo tu." Akanirudishia mtoto, akaingia kati ya mianzi. Nilimfuata. Mianzi ile huwezi kujificha ndani yake hata ukiwa paka. Hapakuwa na mtu. Mercy akaanza kulia tena, kilio cha kupasua kifua, na midomo yake ikawa inageuka rangi. Na mimi, kwa meno yaliyofungwa, nikasema, "Adoyo."

Akanyamaza. Akanishika titi akanyonya mpaka akalala.

Hapo tumbili wakashuka wakabeba chapati zote na mayai yote. Kiini kile juu ya jiwe hawakukigusa.

Huyo mtoto sasa anaenda shule, mnene, anaitika Adoyo tu; ukimwita Mercy hageuki. Kiganja changu cha kulia hakijawahi kupata joto tangu siku hiyo. Nikimkanda mtu mgongo anaruka. Baba Mercy nilimweleza yote usiku ule, akalia kama mtoto, na mimi sikumfuta machozi.

Kwa hivyo wewe mama mwenye kichanga kinacholia, na kuna jina moja unakataa kutaja, litaje leo, usingoje likufuate mpaka kwa chakula chako. Lakini usidanganywe kwamba wivu utaisha. Jumapili Baba Mercy akimenya yai, anakula nyeupe yake, kisha anaita, "Adoyo, njoo." Anampa kiini. Mtoto anakula akinitazama, na mimi nakunywa chai.