Mzegazega na Gari la Betri

Watu wengi hununua gari ili wafike mahali. Mimi nilinunua langu ili nimkomeshe mtu mmoja, na kwa kuwa mtu huyo ni mtoto wa shangazi yangu, kumkomesha hakukuwa jambo jepesi.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Msibani watani wana kazi yao maalumu: huwachekesha wafiwa, na hukamata vitu vya marehemu wakakataa kuviachia mpaka wabembelezwe. Baba yangu alipofariki, binamu huyu alikamata mzegazega wake, ule mti wa begani ambao marehemu alichukulia nazi miaka yote, tenga moja mbele na moja nyuma, kutoka shambani hadi barabara ya lami. Akasimama nao katikati ya uwanja, akasema, "Mjomba kafa na sugu begani. Mwanawe naye anayo, msimwonee. Ila yake iko kidoleni, ya kalamu."

Watu walicheka. Mama yangu, ambaye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, alicheka mpaka akajishika mbavu. Nami nilicheka, kama adabu inavyotaka, nikambembeleza binamu, nikarudishiwa mzegazega. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sugu ya kidoleni ninayo kweli. Niliikuza Nairobi kwa miaka mingi ya kusoma na kufundisha, huku baba akipeleka nazi barabarani kwa bega lake.

Niliapa kwamba binamu atayameza maneno yale mbele ya watu walewale. Na kwa kuwa aliyasema kwa utani, ilibidi nimlipe kwa utani. Niliporudi kuishi shambani, nyuma ya Msambweni, nilikuwa na shahada mbili, minazi ya urithi, na kisasi.

Wakati huo watalii walikuwa wamepungua, na hoteli moja ya Diani ikafunga milango na kuuza vitu vyake. Wenzangu walinunua vitanda na majokofu. Mimi nilinunua kigari cha umeme kilichokuwa kikibebea mizigo ya wageni kutoka mapokezi hadi vyumbani. Kilikuwa cheupe, kimechorwa ua la asumini ubavuni, kina kiti cha dereva mbele na kiti kingine nyuma kilichoangalia kinyume, ili mgeni aage mandhari anayoyaacha. Chini ya kiti kulikuwa na betri sita. Fundi wa hoteli alinipa onyo moja tu, kwamba betri hizo zinywe maji ya betri, si maji mengine. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, na tangu siku ya kwanza nikawa nazinywesha maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi kidogo na ambayo ukoo mzima umeyanywa bila kudhurika.

Kazi kigari kiliifanya. Kilibeba nazi, makuti, mapipa ya maji na samadi. Stima ilikuwa haijafika kwetu, kwa hiyo nilikichajia kwenye kinu cha kusaga unga karibu na lami. Mwenye kinu, mtu wa bara, alinung'unika kila jioni: "Mwalimu, hii kitu inakula stima kuliko kinu yangu." Lakini sikumtegemea tena binamu na pikapu yake kunisombea nazi, na hilo peke yake lilikuwa tamu.

Binamu hakuonyesha kuumia. Alikiita machela. Kila nilipopita kimyakimya alitega sikio na kuuliza, mbele ya wateja wake wa nazi, kama gari limezimika au linawaza kama mwenyewe. Nilicheka kila mara, na kila mara niliweka akiba.

Siku yangu ilikuja na masika. Mvua ziliharibu daraja letu la magogo ya minazi, yakabaki magogo ya kutosha kupitisha kigari changu tu. Pikapu ya binamu ilikwama upande wa lami, na juu yake kulikuwa na gunia la mchele, sufuria za kukodi na nazi za wali, kwa ajili ya harusi ya binti yake mkubwa, adhuhuri ile ile. Alikuwepo pia mama yake, shangazi yangu, aliyefika kutoka Majoreni na miguu yake mibovu.

Binamu alinijia asubuhi, kofia mkononi. Hakuniita mtani. Aliniita ndugu yangu, akanieleza shida yake kwa upole kama anayezungumza na kadhi. Hapo nilijua nimempata. Niliingia ndani, nikatoka na mzegazega wa baba.

"Mchele utapanda gari," nilimwambia, "sufuria zitapanda gari, na shangazi atapanda gari. Nazi utazichukua wewe, kwa mti wa mjomba wako."

Aliutazama mti, kisha akanitazama mimi. "Mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani. Nyuma ya gari."

Akavaa kofia yake. Mtani akiombwa jambo kwa utani hawezi kukataa, hata akiwa baba wa bibi harusi na kanzu yake imepigwa pasi.

Tulikwenda kwenye pikapu, tukapakia. Nilimwamkia shangazi, akanijibu marahaba huku akijiweka kwenye kile kiti cha nyuma, uso wake ukimwelekea mwanawe. Tulivuka daraja kurudi. Ng'ambo yake kuna njia mbili: ya mkato, inayopita kati ya minazi hadi kwa binamu, na ya mzunguko, inayopita madukani na msikitini, ambako siku ya harusi kila mtu huwa ameketi akisubiri wali. Nilipinda kuelekea madukani. Sikununua gari la kimya ili nilipitishe porini.

Nilikwenda polepole, kwa mwendo wa kuku anayetafuta funza, nikimsalimu kila mtu kwa jina. Nilingoja kicheko. Kilikuja kidogo, kikafa. Nikageuza kichwa kuona kwa nini.

Binamu alikuwa akitembea vizuri. Kitambi chake kilikuwa mbele, lakini tenga zilicheza juu na chini kwa kipimo kile nilichokijua tangu utotoni, na alipochoka alihamisha mti kutoka bega hadi bega, kwa kupitia nyuma ya shingo, bila kusimama. Ni baba tu niliyewahi kumwona akifanya hivyo. Wazee wa barazani walikuwa wameacha kunywa kahawa.

"Amefundishwa na kaka yangu, baba yako," shangazi alisema, bado akimwangalia. "Mwaka ule kaka aliougua kifua, nawe uko chuoni, ulidhani nazi zilikwenda barabarani zenyewe?"

Ningeweza kusema hakuna aliyeniandikia habari hiyo, na ingekuwa kweli. Baba aliniandikia kwamba wote hawajambo na nisome.

Tulipokuwa tumeupita msikiti, na nyumba ya harusi inaonekana, kigari kilipunguza mwendo, kikasimama. Niliminya kanyagio, nikazima, nikawasha. Fundi wa hoteli aliniambia baadaye kwamba maji ya kisima yalikuwa yamezila betri kwa miezi. Kwa njia ya mkato zingetosha. Kilichozimaliza ni ule mzunguko wangu.

Binamu alitufikia. Hakutega sikio, wala hakuuliza kama gari linawaza. Alinipita kwa upande wa lile ua la asumini, akahamisha bega, akasema, "Pumzika, mtani. Mimi mizigo ya nyumba yenu nilishazoea kuifikisha."

Akaenda na nazi zake. Vijana wa harusi walikuja kutusukuma, mchele, shangazi na mimi, hadi uwanjani, na kicheko nilichokuwa nikikingoja kilifika chote kwa pamoja.

Wali ulikuwa mzuri. Nilikula sahani mbili kwa hasira.

Mzegazega haukurudi. Umesimamishwa nyuma ya mlango wa binamu, ninauona kila nikienda kumsalimu shangazi, ambaye bado yuko kwa mwanawe. Binamu anangoja nimbembeleze auachie, na safari hii sina uhakika mti ni wa nani. Kwa hiyo siuombi. Nimeagiza betri mpya kutoka Mombasa, na dumu la maji ya betri nimelificha chini ya kitanda changu. Binamu ana binti mwingine, ameshachumbiwa, na daraja bado halijatengenezwa. Kila alfajiri, kabla watu hawajatoka, najaza tenga mbili, naweka begani mti mwingine niliouchonga, najifunza kuhamisha bega bila kusimama. Mpaka sasa nimeangusha nazi nyingi. Lakini sugu imeanza.