Kadi ya Waziri Asiye na Kura

Ipo siku moja ambayo nimejaribu kuisahau kwa karibu miaka thelathini, na kila nikikaribia mnakuja ninyi vijana na karatasi zenu mnanikumbusha. Sikukusudia kuisimulia. Lakini jana, Zuhura mwanangu, uliponiwekea mezani ile orodha ya uongozi mpya wa chama chetu cha Waswahili hapa Brussels, nilichoka. Basi kaa, weka simu chini, unisikilize.

Orodha yenyewe nimeisoma mara mbili, tena kwa miwani. Kumbe baada ya ugomvi wenu wa mwaka mzima, wanafunzi upande mmoja na familia za zamani upande wa pili, mmeamua kuongoza kwa mseto. Wenyeviti wawili watakaopokezana kiti. Makamu watatu. Katibu ambaye ni wewe, naibu katibu, katibu mwenezi. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, wajumbe wawili watakaoingia kwenye vikao lakini hawatapiga kura. Chama chenyewe kikijaa hakijazi kile chumba cha nyuma ya saluni ya mtaa wa Matonge tunapokutania, lakini wakubwa tunao wa kutosha nchi nzima.

Nilipouliza haya mmeyatoa wapi, ukanijibu kwa fahari kwamba hata Waayalandi wanafanya hivyo. Ukanieleza kana kwamba nimefika mji huu juzi: kwamba Ayalandi inaongozwa na vyama viwili vilivyokuwa mahasimu tangu vita vyao vya ndugu kwa ndugu vya karne iliyopita, kwamba wamekubaliana kupokezana uwaziri mkuu katikati ya safari, huyu akishuka kuwa naibu na yule akipanda, kwamba wabunge wachache wasio na chama wamewashika mkono, nao wakapewa uwaziri mdogo, kwamba katiba yao hairuhusu wakubwa wa serikali kuzidi kumi na tano, kwa hiyo wapo wanaoketi kwenye baraza la mawaziri, wanasikiliza, wanasema, ila kura hawana. Yote hayo ni kweli. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini wale wamekaa, tena kwa zamu.

Sasa nijibu hili moja. Jumamosi iliyopita darasa la Kiswahili la watoto lilikuta mlango umefungwa. Wazazi walisimama mvuani na watoto wao, wengine wametoka mbali, mpaka Uccle, kwa sababu hakuna aliyeandikisha chumba. Nilipokuuliza ukasema hiyo ilikuwa kazi ya upande wa wanafunzi. Nikampigia yule mwenyekiti mwanafunzi, akasema kwa adabu zote kwamba ilikuwa kazi ya upande wenu. Hapo ndipo nilipokasirika, na mpaka sasa hivi nimekasirika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na mrama wenu unawalowesha watoto wa watu.

Basi sikiliza yaliyonipata mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Masomo yalikuwa yamenishinda, si kwa uchache wa akili bali kwa wingi wa kiburi, nikachukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu katika jengo moja la mikutano hapa mjini, ambako mawaziri wa nchi za Ulaya walikuwa wakila chakula cha mchana. Kazi yangu ilikuwa kupanga kadi za majina mezani. Usicheke. Kadi ikikaa pabaya, nchi nzima inakosa kiti. Majaribio yangu yalikuwa yanaisha siku ya Ijumaa. Nikipata mkataba, ningeruhusiwa kumleta mke wangu, niliyemwacha Tanga miezi sita tu baada ya ndoa na ambaye alikuwa ananisubiri mwaka wa tatu. Nikiukosa, wazazi wake walishasema watakuja kumchukua binti yao.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa Papa Masudi, Mkongo wa Uvira, mtu mfupi mwenye miaka kumi na tisa kwenye ukumbi ule. Yeye ndiye aliyenisemea nikaipata kazi. Papa Masudi hakuwa msomaji wa magazeti. Kila asubuhi alishika simu ya ukutani akaipigia ofisi ya wajumbe wa nchi moja baada ya nyingine, akiuliza kwa Kifaransa chake cha taratibu ni nani anayekuja kula leo. Orodha anayo mkononi, lakini anauliza. Mimi nilimcheka moyoni, na jioni, mbele ya rafiki zangu kwenye mikahawa ya Galerie d'Ixelles, nilimcheka kwa mdomo mpana. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, lakini mimi nilijiona nimewazidi wahenga.

Unajua kwa nini? Nilikuwa na daftari. Humo nilikuwa nimeandika serikali za Ulaya, waziri mmoja mmoja, na Ayalandi ndiyo iliyonipa raha kuliko zote. Miaka hiyo vyama vyao vilikuwa vimeachana na kuoana upya bila hata kupita kwenye uchaguzi, na mimi nilijua nani alitoka na nani alirudi kwa mlango gani. Nilijua hata jambo lililowachanganya Watanzania wenzangu. Kwetu Waziri wa Nchi ni waziri kamili, mtu wa kupigiwa saluti. Kwao Waziri wa Nchi ndiye waziri mdogo, na kwenye baraza la mawaziri hana kura. Nilipenda kulieleza hilo polepole, huku kikombe changu cha kahawa kikipoa, ili waone nilivyosoma. Hao wadogo niliwapa jina langu mwenyewe: mawaziri wa kusindikiza. Ujana ni moshi, mwanangu, na wangu ulikuwa mzito.

Ikafika Jumatano. Mezani kulikuwa na mazungumzo ya samaki, nani avue wapi na kiasi gani, jambo ambalo kwa Waayalandi si la kuchezea. Asubuhi watu wa itifaki walileta orodha iliyorekebishwa. Jina la waziri kamili wa Ayalandi lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake pameandikwa jina la mwanamke mmoja. Papa Masudi alikuwa anahangaika na viti vilivyopungua, akaniambia nipige simu niulize. Nikafungua daftari langu badala yake. Nikamkuta yule mama, Waziri wa Nchi. Nikajisemea kwamba aliyerekebisha orodha amekosea, maana waziri wa kusindikiza hawezi kukaa meza moja na mawaziri. Kadi ya waziri kamili nikaiweka kwenye meza kubwa, na ya yule mama nikaipeleka kwenye meza ndogo karibu na mlango wa jikoni, pamoja na wasaidizi na wabeba mafaili.

Papa Masudi alipopita kukagua aliniuliza kama nimeuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Wala sikufungua mdomo, kwa hiyo nikajifariji kwamba sikusema uongo. Akatia sahihi yake chini ya mchoro wa viti, akaenda kunawa mikono.

Saa saba wakaingia. Yule mama alikuja na koti lililolowa, akaizunguka meza kubwa akisoma kadi moja moja, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Alipomaliza mzunguko hakuuliza wala hakukasirika. Alitazama meza ya mlangoni, akaliona jina lake, akaenda akakaa. Nami nilisimama ukutani na mtungi wa maji nikiona mambo ni sawasawa kabisa, nikifurahi kwamba kila mtu yupo mahali pake.

Supu ikaliwa. Mwenyekiti akafungua mazungumzo ya samaki, akazigeukia nchi kwa zamu, na alipoifikia Ayalandi akakuta kiti kitupu chenye kadi ya mtu ambaye saa ile alikuwa kwao, amezuiwa na kura ya kubanana bungeni, kwa kuwa serikali ya mseto ikikosa mtu mmoja siku kama hiyo inaweza kuanguka. Kwa hiyo walikuwa wamemtuma huyu mama aseme kwa niaba ya wavuvi wao. Naye alikuwa mlangoni, mbali na kipaza sauti, amenyanyua mkono ambao hakuna aliyeuona.

Papa Masudi aliuona. Akafanya jambo ambalo mhudumu haruhusiwi kulifanya wakati wakubwa wanazungumza. Alikatiza ukumbi mzima, akaichukua ile kadi ya meza kubwa akaitia mfukoni, akaenda mpaka mlangoni, akainama kidogo mbele ya yule mama na kumwomba radhi, akamwongoza hadi kwenye kiti cha Ayalandi kati ya mawaziri. Mama yule akasema yake.

Baada ya chakula msimamizi alitukusanya jikoni, akauliza nani aliyepanga ile kadi. Tulikuwa watu saba. Mimi nilikuwa natazama vigae vya sakafu na kuhesabu siku za kufika Ijumaa: mbili. Nilikuwa nimeshapata la kusema, kwamba orodha ya itifaki haikuwa wazi. Kosa ni lao, si langu. Sijui kama ningelisema. Kabla sijafungua mdomo Papa Masudi alijibu kwa Kifaransa kwamba ni yeye, na kwamba sahihi iliyopo ni yake.

Jumatatu yake alihamishiwa ghala la viti, chini kabisa ya jengo, mahali pasipo na dirisha. Miaka kumi na tisa ya ukumbini ikaishia hapo. Mimi Ijumaa nilikuwa nimepata mkataba.

Nilishuka kumwona na hotuba yangu ya kuomba msamaha nimeiandaa kwa Kiswahili sanifu. Hakuniacha niianze. Alikuwa anakunja viti, akaniambia bila kugeuka:

"Mutoto, ile kitabu yako iko na serikali muzima ndani. Bon. Ulijua bukubwa ya kila muntu, mais hukuuliza ni nani anakuya kukula."

Nikasema nimekosa. Nikamuuliza kwa nini alijitwisha mzigo usio wake. Hapo akageuka.

"Juu bibi yako iko anangoja. Ya kwangu iko hapa toka zamani. Alors siku ingine, weye mwenyewe useme. Usingoje muzee akusemee."

Kwao bibi ni mke, usije ukadhani alimtaja nyanya yangu. Akanisukumia kiti, nikakunja naye mpaka zamu yake ikaisha.

Nitakuambia na hili, maana bila hili nasaha yangu ni nusu. Mara mbili nilipanda ngazi kwenda kwa msimamizi kusema kweli. Mara zote mbili nilifika mlangoni nikageuka. Mara ya kwanza nilisema nitarudi karatasi za mama yako zikitoka. Mara ya pili zilikuwa zimeshatoka, yeye alikuwa nyumbani ana ujauzito wako, na nikasema nitarudi mtoto akizaliwa. Ukazaliwa. Papa Masudi alistaafu kutoka ghalani, baadaye akafariki, na msibani mwanawe alinishika mkono akanishukuru kwa kuwa baba yake alinipenda. Nilimwitikia kwa kichwa. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu yalikuja mapema, tena yamekaa.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniletee habari za mawaziri wa Ayalandi. Sina ugomvi nao. Mseto si jambo baya. Watu waliopigana na sasa wanapokezana kiti wamewashinda wengi. Wala usiniulize makamu wa pili na katibu ni nani mkubwa. Ninachojua ni kwamba siku ya kusoma majina ya vyeo kila mtu husema "ni mimi", na siku kazi ikiharibika kila mtu husema "ni wao". Na kwenye mseto ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu wao wapo kweli, wamekaa pale upande wa pili, wanakusubiri uwanyooshee kidole ili nao wakunyooshee chao. Wazee walisema ukubwa ni jaa, kila takataka hutupwa hapo. Ninyi mnautaka ukubwa lakini jaa mnataka liwe kwa jirani.

Kabla ya kumpanga mtu mahali, muulize. Yule uliyemwandika kwa herufi ndogo usimdharau. Huenda siku hiyo ndiye aliyebeba neno la watu wote. Na kosa likitokea, wakiuliza ni nani, aliyekosea asihesabu siku kama nilivyohesabu mimi. Aseme. Ukichelewa kidogo atasema mwingine, mtu mwema kuliko wewe, na huyo ndiye atakayeshuka ghalani.

Kama chumba cha watoto ni wewe uliyesahau kukiandikisha, Jumamosi simama mbele ya wazazi, mbele ya wanafunzi na makamu wote watatu, useme "ni mimi". Kama si wewe, kiandikishe hata hivyo.

Mungu akupe mdomo mwepesi kwenye kosa lako na mzito kwenye kosa la mwenzako. Akuepushe na cheo ambacho huwezi kukiombea radhi. Na kila unapomuombea marehemu yeyote wa ukoo wetu, mwombee na Papa Masudi wa Uvira, kwa sababu mama yako alifika nchi hii, na wewe ukazaliwa, kwa neno ambalo lilikuwa langu kulisema na yeye akalisema.