Kanda za Hariri za Ukoo wa Hayasaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka ngazi za nyuma za jumba la makumbusho, hapa London, nimevaa koti la kuazima na viatu vilivyolowa mvua. Mimi na wazazi na wadogo zangu tulikuwa tumehamia mtaa wa Kilburn miaka michache baada ya mapinduzi ya Unguja, na nilikuwa nimesikia kwamba chini kule wanatafuta mtu mwenye mkono wa sindano. Mkuu wa Karakana, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi, aliniuliza nimewahi kushona nini.

"Kofia za viua," nikamwambia. "Mama yangu ndiye aliyenifundisha kudarizi."

Hakujua kofia ya viua ni nini, ile kofia yetu ya kudariziwa vitundu, ila nilikuwa nayo moja mkobani. Aliigeuza, akaitazama upande wa ndani zaidi kuliko wa nje, kisha akanionesha meza iliyokuwa karibu na dirisha. "Utakaa pale. Mwezi wa mwanzo usiguse kitu mpaka nikwambie."

Juu ya meza ile ndipo nilipoiona deraya kwa mara ya kwanza, vazi la vita la samurai, yaani askari wa Japani ya zamani aliyemtumikia bwana wake kwa upanga. Deraya yao si bati moja. Ni magamba madogo ya chuma na ngozi yaliyopakwa laki, utomvu wa mti ambao ukikauka huwa mgumu na kung'aa kama kioo. Magamba hayo hufungwa safu kwa safu kwa kanda za hariri. Chuma na laki hudumu sana, lakini hariri huoza kwa jua, jasho na nondo. Kazi yetu ilikuwa kuondoa kanda zilizokufa na kupitisha mpya za rangi ile ile, bila kubana wala kulegeza, maana ukibana gamba hupasuka na ukilegeza vazi zima huanguka kama pazia.

Baada ya muda nilihamishiwa kwenye ghala la makumbusho, magharibi ya mji, nikafundishwa kutia rangi hariri. Nilirudi karakana wakati Mhifadhi wa Idara ya Mashariki, mwanamke msomi mwenye sauti ya upole, alipokuwa anatayarisha maonesho ya ukoo mmoja tu, ukoo wa Hayasaka. Kila asubuhi alishuka na kikombe chake cha chai, akatueleza habari zao huku tukifanya kazi. Nadhani hakuna skuli niliyosoma vizuri kuliko ile.

Bwana wa kwanza wa Hayasaka alikuwa askari tu. Alipigana upande wa mkuu wa majeshi aliyeshinda, akazawadiwa bonde lenye mpunga na kilima cha kujengea ngome. Hapo akawa daimyo, mtawala wa jimbo, mwenye askari wake na kodi zake za mchele. Mjukuu wake alipanda miforosadi kandokando ya bonde, miti ambayo majani yake huliwa na viwavi wa hariri, kwa hiyo kanda nilizoshika mikononi zilitoka shambani mwao wenyewe. Walitawala kizazi baada ya kizazi, mpaka Japani ilipopata serikali mpya, nayo ikawaamuru mabwana wote wakabidhi majimbo. Bwana wa mwisho alikuwa kijana. Alitoa ngome bila kupigana, akahamia mji mkuu na mkewe, na askari wake wakatawanyika kutafuta vibarua.

Nilipomsikia Mhifadhi akisimulia sehemu hiyo, sindano ilinisimama mkononi. Na sisi tuliondoka kwetu hivyo hivyo, mlango ukafungwa, funguo tukaondoka nazo.

Deraya mbili ndizo zilikuwa kiini cha maonesho, ya bwana wa kwanza na ya bwana wa mwisho. Hiyo ya mwisho nilipewa mimi. Kanda zake zote zilikuwa za buluu, isipokuwa chini ya kiuno, mahali ambapo safu mbili zilifungwa kwa kitambaa cha zambarau kilichokatwa vipande na kukunjwa. Aliyezifunga alikuwa na mkono mzuri lakini hakuwa fundi wa deraya.

"Hicho ni kiraka," akasema Mkuu wa Karakana. "Ondoa, weka buluu."

Mhifadhi akamwomba asubiri, kwa sababu mjukuu wa yule bwana wa mwisho alikuwa njiani kutoka Japani kuja kuyaona maonesho kabla hayajafunguliwa.

Alikuja mwanamke mzee, mdogo wa umbo, suti nyeusi. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole kama changu. Aliizunguka deraya, akainama mbele yake, akauliza kama anaweza kukaa. Nilimpa kiti changu. Mhifadhi alipokwenda kupokea simu, akanionesha ile zambarau.

"Huu ni mshipi wa harusi wa bibi yangu," akasema. "Babu alituambia maisha yake yote kwamba serikali ilimnyang'anya deraya hii. Si kweli. Waliiuza wenyewe kwa mfanyabiashara wa Kiingereza ili wapate kula. Mnunuzi aliikataa kwanza kwa sababu kanda zimekatika, basi bibi akaukata mshipi wake, akashona mbele ya mumewe. Babu alikaa pale pale, hakusema neno, siku ile wala baadaye. Bibi alinieleza alipokuwa anaumwa."

Mhifadhi aliporudi, mgeni wetu alimwomba jambo moja. Kibao cha maelezo kiseme tu kwamba deraya ilitoka kwa ukoo wa Hayasaka, kisitaje kuuzwa, ingawa hati ya mauzo ilikuwamo katika kumbukumbu za makumbusho. Na zile kanda za zambarau zitolewe.

"Siwezi kuandika uongo," Mhifadhi akamjibu taratibu.

"Sikuombi uongo. Nakuomba unyamaze."

Mkuu wa Karakana alijifanya anapanga vyombo. Mimi sikuwa na cheo cha kusema kitu, lakini nilitaka kujua, nikamuuliza yule mgeni, "Aliyeshona hizi, alikuwa anaitwa nani?"

Akanigeukia, akasema, "Chiyo." Kisha akaongeza, "Katika nasaba ya ukoo wetu mabwana wote wameandikwa majina na vita vyao. Yeye ameandikwa 'mke'."

Alikaa na mkono wake juu ya meza, karibu na ile hariri, mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Halafu akamgeukia Mhifadhi. "Kama lazima mwandike kwamba babu aliuza, andikeni na nani alishona. Jina lake kamili."

Ndivyo kilivyoandikwa. Sikuziondoa kanda za zambarau, nilizifunga kwa chini na wavu mwembamba wa hariri ili zisiendelee kukatika. Siku ya ufunguzi yule mgeni alisimama mbele ya kile kibao, akikisoma, midomo ikicheza bila sauti, kisha akanitafuta kwenye umati, akaniinamia.

Nilifanya kazi pale chini ya wakuu wengine watatu, na mwisho meza zote za hariri zikawa chini yangu. Nikastaafu vidole vilipoanza kugoma. Wajukuu zangu huniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini Mswahili akaishia kwenye mavazi ya Wajapani. Huwaeleza kuhusu laki na mpunga na miforosadi, nao husikiliza.

Lakini nikiwa peke yangu nakumbuka zaidi jioni ile niliyorudi Kilburn na kumsimulia mama habari za Bi Chiyo. Mama alikuwa hazungumzi kabisa mambo ya kuondoka kwetu, nasi tulishazoea kutomuuliza. Alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nimalize, akauliza, "Na mumewe, alimwambia nini?"

"Hakumwambia kitu mpaka akafa."

Mama akapepeta sinia, akalitua.

"Mie niliuza bangili zangu Mombasa tukapata kupanda meli," akasema. "Marehemu baba yako alinishika mkono, akanambia ahsante."

Akasogeza nafasi kwenye mkeka nikae, akaanza kunieleza.