Kipengele cha Saba Kilichobaki Wazi

Kilichoninyima usingizi kabla ya kuanza kazi hakikuwa mshahara wala umbali. Lilikuwa swali moja tu: mimi niliyemaliza shahada ya uchumi juzijuzi, na ambaye sijawahi kushika chaki, nitampimaje mtu aliyefundisha miaka thelathini? Barua ya ajira niliisoma mara nne. Kila mara nilifika kwenye neno "kutathmini" nikajiuliza kama lina maana nyingine iliyo nyepesi zaidi. Halina.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja, katika shirika dogo lenye vyumba viwili Bagamoyo mjini. Shirika hilo hutoa tuzo kwa walimu bora wa uchumi, biashara na elimu ya fedha katika shule za sekondari za huku kwetu. Sasa mkataba umekwisha. Wadogo zangu mnaomaliza vyuo huniuliza kazi ya namna hiyo hufanywaje, nami nawaandikia nilivyoiona, nikijua kuwa mwaka mmoja si umri wa mtu kujiita mkongwe.

Siku ya kwanza nilifika saa nzima kabla ya ofisi kufunguliwa. Mratibu, mkaguzi wa shule mstaafu na mzaliwa wa mji huo, alinikuta nimekaa barazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umelala hapa?"

"Hapana, Mzee. Niliogopa kuchelewa."

"Basi ufunguo utakaa nao wewe. Mwoga ndiye mlinzi mzuri."

Akanikabidhi ufunguo na karatasi za aina mbili, ambazo ndizo kazi yote. Ya kwanza ni fomu ya uteuzi: Mkuu wa Shule humpendekeza mwalimu, kisha mwalimu mwenyewe hujaza vipengele saba. Ya pili ni dodoso la darasani, ambalo mtathmini hulijaza akiwa amekaa dawati la nyuma: mwalimu ameanzaje somo, amemuuliza nani, aliyekosea amemrekebishaje. Kwenye dodoso huandiki ulichofikiri, unaandika ulichokiona. Mimi hilo nilijifunza kwa kuumbuka. Dodoso langu la kwanza, la shule moja ya Vigwaza, lilikuwa na kurasa sita za ziada.

"Binti, umeandika 'huenda' mpaka nimechoka kuhesabu," Mratibu alisema, miwani imemshukia puani. "Wewe hata ukipewa chai utauliza maji yamechotwa kisima gani. Mwalimu amefundisha au hakufundisha?"

"Amefundisha, Mzee."

"Anza hapo."

Baada ya Vigwaza nilipelekwa Ubena, kisha nikarudishwa upande wa pwani, Kerege. Huko ndiko nilikomkuta Mwalimu Zainabu, aliyekuwa akifundisha elimu ya biashara na kulea klabu ya elimu ya fedha. Mkuu wa Shule alinidokeza kwamba ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Asipopata tuzo safari hii, basi tena.

Vitabu vya somo lake vimeandikwa kwa Kiingereza. Yeye huandika istilahi ubaoni kama ilivyo, kisha huishusha mpaka ikawafikia watoto walipokaa. Siku hiyo ilikuwa gharama ya fursa.

"Mwajuma, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Arusini, Mwalimu. Kwa binamu yangu."

"Hongera. Na kwa kwenda arusini, uliacha nini?"

"Niliacha kufua. Na kusoma. Na kumsaidia mama kukaanga mihogo."

"Vyote hivyo usingeweza kuvifanya kwa saa zilezile. Usingekwenda arusini, ungefanya kipi?"

Mwajuma akafikiri. "Mihogo, Mwalimu. Mama angeninunia."

"Basi gharama ya arusi yako ni mihogo. Si kufua, si kusoma. Ni kile kimoja kilichokuwa bora kuliko vingine ulivyoviacha."

Kijana mmoja wa dirishani akanyoosha mkono, uso umejaa utundu. "Mwalimu, na wewe kwa kutufundisha sisi umeacha nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Zainabu akangoja kiishe. "Usingizi wa mchana," alisema. "Kwa hiyo mjue nyinyi ni wa gharama kubwa. Fungueni madaftari."

Nilisoma somo hilo chuoni muhula mzima kwa michoro na milinganyo. Nilikuwa nalijua. Dawati la nyuma pale Kerege ndipo nilipolielewa.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata nje nikamwambia sijaona mwalimu anayefundisha vile. Akanikunjia uso. "Sema mashaallah, mwanangu, ndipo usifu." Nikasema. Akacheka, akanipa andazi.

Fomu yake ililetwa ofisini wiki iliyofuata. Vipengele sita vilijazwa kwa mwandiko uliolala vizuri kwenye mistari. Cha saba, "Eleza kwa nini unastahili tuzo hii," kilikuwa kitupu. Nilidhani amesahau, nikairudisha Kerege mwenyewe.

"Sijasahau," alisema.

"Ukikiacha wazi watakuondoa, Mwalimu."

"Mwanangu, umelelewa wapi?"

"Moshi."

"Labda huko mtu husimama akasema mimi hodari. Huku ukimsikia mtu anajisifu unajua kuna upungufu anaufunika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Lakini Mwalimu, matangazo ya biashara si unayafundisha wewe mwenyewe?"

Alicheka hadi akashika ukuta. "Hapo umenipata. Lakini mimi si sabuni."

Nilirudi na fomu vilevile. Nikaanza kuwaza, na mimi nikianza kuwaza sina breki. Je, ni haki kumlazimisha? Je, ni haki kumwacha? Mhasibu wetu alinisikiliza dakika mbili tu, akasema, "Mjazie wewe. Nani atajua?" Nilichukua penseli nikajaribu kwenye karatasi ya pembeni: "Mimi ni mwalimu mwenye uwezo wa kipekee." Kila neno lilikuwa kweli, na sentensi nzima ilikuwa uongo, kwa sababu mwenyewe asingeitamka hata kwa fimbo. Nikaichana.

Kamati ya watu watano ya kuchagua washindi ilikaa mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa katibu, kazi yangu kuandika muhtasari. Mwenyekiti, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alizipitia fomu moja moja. Walimu wengine walikuwa wamekijaza kipengele cha saba mpaka wakaambatisha karatasi. Alipofika kwenye ya Kerege aliigeuza mbele na nyuma.

"Haijakamilika. Iwekwe pembeni."

Mratibu alinitazama. Niliandika "haijakamilika" kwenye muhtasari, nikaliangalia neno hilo, nikaweka kalamu chini.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema."

"Katibu huandika."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Lakini katika chumba hiki ni mimi peke yangu niliyekaa darasani kwake." Nikawaeleza arusi, mihogo na usingizi wa mchana. Nikaeleza kwamba huku pwani mtu wa heshima hajinadi, kwa hiyo swali letu la saba linawapa alama wanaojinadi na kuwaondoa wenye haya. Mjumbe mmoja, mama wa makamo kutoka Mlingotini, akaguna, "Kweli kabisa, hata mimi nisingejaza."

Mwenyekiti akavua miwani. "Unasema anastahili?"

Neno "huenda" lilinijia ulimini. Nikalimeza.

"Anastahili."

"Dodoso halijazi kipengele cha saba, na hayo ya mdomoni hayaingii kwenye faili. Uko tayari kuyaandika kwa jina lako? Tukiulizwa, utakayeitwa ni wewe."

Nilichomoa karatasi safi. Niliandika siku, shule, darasa na somo, kisha nilichokiona, kuanzia swali la kwanza kwa Mwajuma hadi madaftari yalipofunguliwa. Ukurasa mmoja. Chini yake nikaandika majina yangu yote matatu na kutia sahihi. Kisha nikaichukua fomu kutoka pembeni, nikaibana pamoja na karatasi yangu, nikaiweka juu ya zile nyingine mbele ya Mwenyekiti.