Usukani Walinirudishia

Sikatai, nililewa. Niseme hilo kwanza, maana watu wakisikia aliyefungwa anasimulia hutega masikio wasikie alivyosingiziwa. Mimi sikusingiziwa na mtu.

Nilikuwa dereva wa lori la korosho, Mbena wa Njombe niliyeletwa Mtwara na kazi, na mke wangu na watoto wetu wawili, tukapewa nyumba ya kazi Rahaleo. Msimu wa korosho ndio msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Kila kijiji cha ujamaa nilichokwenda kupakia magunia, hata injini sijazima, mama yuko mbele yangu na kata mkononi. “Karibu baba, toa vumbi.” Ukikataa umewatukana, watasema mtu wa bara anajiona. Na uraka ni mtamu jamani, unadhani sharubati mpaka unapotaka kusimama. Siku hiyo nilikaribishwa kila nilipopakia. Nilipotoka Nanyamba kurudi mjini, barabara ikakata kona, mimi nikaenda moja kwa moja hadi shambani kwa watu, nikalilaza lori ubavu kwenye mihogo. Hakuchubuka mtu.

Mahakamani nilikiri. Nikaomba, “Mheshimiwa, ninyang’anye leseni, nipeleke nikawalimie wenye mihogo yao, lakini usinifunge. Nyumba ni ya kazi. Nikifungwa, mke wangu ataishi wapi?” Hakimu akasema lori ni mali ya umma, na mimi nitakuwa mfano kwa wengine. Mwaka mmoja. Wale wenye kata za uraka hakufika hata mmoja. Mke wangu alikuja na mtoto mgongoni, na nilipokuwa napandishwa karandinga akaniambia, “Nitakungoja. Nitawaomba ofisini watuachie nyumba.” Mle ndani nilikuwa na maneno hayo tu.

Jela imejaa watu, lakini sijapata kuwa peke yangu vile. Wenzangu walipiga soga kwa Kimakonde, wakacheka, nami nikacheka nyuma yao bila kujua tunacheka nini. Jumapili ndiyo iliyonipa uhai. Mke wangu alikuja na maharage kwenye bakuli, akanieleza watoto walivyoshinda, na kwamba ofisini hawajasema neno.

Basi ikatokea dereva wa lori la gereza akahamishwa. Bwana jela akatupanga mstari, akauliza nani anajua kuendesha. Wote wakaninyooshea vidole. “Huyu, afande! Huyu aliyelaza lori!” Kicheko hicho! Mimi nikadhani utani. Kesho yake nimo kwenye usukani, na sare ya mfungwa, askari na bunduki ubavuni, tunakwenda Ziwani kuchukua kuni. Leseni hakuna aliyeiulizia. Hebu niambieni, wenye akili. Mtu amekosa kwa kuendesha gari. Mkamnyang’anya nyumba, jina na watoto, halafu usukani mkamrudishia. Kitu kimoja kilichostahili kuchukuliwa ndicho mlichonipa!

Na mimi, mpumbavu, nilifurahi. Nilimbembeleza yule askari, mtu mwema kabisa, tupite Rahaleo angalau nilione paa la nyumba yangu. Akakubali. Mke wangu alikuwa bombani na wanawake wenzake. Nikapunguza mwendo, nikatoa kichwa dirishani na kipara changu cha jela, nikamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza kama tulivyozoea. Wanawake wakageuka wote. Yeye aliinama akajitwisha ndoo ambayo haijajaa, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala nyingine. Mume aliye nyuma ya ukuta aliweza kumbeba. Mume anayetembezwa mtaani na sare ile, mchana, mbele ya watu wa bombani, alimshinda. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia askari tusipite tena Rahaleo, lakini maji yalikwisha mwagika.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Nikapiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Akafungua mwanamke mgeni, mke wa dereva mpya, mpole, unga mikononi. Hakunijua. Akanikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa. Nikamwuliza waliokaa hapa mwanzo wamekwenda wapi.

“Yule mama amerudi kwao Njombe na watoto,” akasema. “Alituachia hata mwiko. Maskini, mumewe alifariki. Wewe ulimfahamu marehemu?”

Nikasema, “Kidogo. Tulikuwa kazi moja.”

“Mungu amlaze mahali pema,” akasema.

Nikaitikia amina, nikamrudishia kikombe. Kwao Njombe nakujua, ndiko nilikotoa mahari. Sikwenda.